Ripea kiti (boksi la sili na beringi mpya) ya ekseli ya mbele: nimeifunga kwenye pikapu yangu, haya ndo niliyoyaona

Nianze na hali ilivyokuwa kabla, maana najua wengi mko hapo hapo nilipokuwa mimi. Pikapu yangu mbele ina ekseli moja nzima, ule mfumo wa Land Cruiser 70 na Patrol za zamani, kwamba mwisho wa ekseli kuna tufe la chuma, nako (ile nyumba inayobeba tairi) inageukia juu ya hilo tufe na sivi jointi (kiungo kinachozungusha tairi hata likiwa limekata kona) imekaa humo ndani imezungukwa na grisi. Ilianza unyevu tu. Nikawa napangusa na kitambaa naendelea na safari, miezi ikaenda, unyevu ukawa michirizi, michirizi ikafika upande wa ndani wa tairi ikakamata vumbi likawa zito kama lami, alafu usukani nao ukaanza kutetemeka nikifika sitini na kitu, nikikanyaga shimo ndo kabisa mbele kote kunacheza mpaka nipunguze mwendo karibu kusimama. Nikafanya wili balansi, hamna kitu. Nikabadilisha shokapu ya stelingi, ikatulia wiki mbili ikarudi. Ile shokapu inaficha tu, ugonjwa haujaenda popote.

Kipimo kilichonifungua macho ni hiki na nawaomba sana mkifanye kabla hamjanunua chochote. Piga jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini alafu ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki utikise tena. Mchezo ukipotea ni beringi za wili, kwa sababu breki imeshaishika habu (kile kitovu tairi linapofungwa) ikawa kitu kimoja na nako. Mchezo ukibaki vile vile basi ni beringi za kingpini, zile ndogo za juu na chini zinazobeba nako. Kwangu ulibaki, na kulia kulikuwa kubaya kuliko kushoto.

Sasa kuvuja. Wengi wakiona uchafu kwenye tufe wanasema badilisha ile sili kubwa ya nje, ile ya felti (kitambaa kizito kilichoshindiliwa) na raba. Lakini ile kazi yake ni kulifuta tufe na kuzuia vumbi na tope lisiingie, oili haiwezi kuizuia hata ikiwa mpya kabisa. Tufe likiwa na utando mwembamba wa grisi hiyo ni kawaida, wala usihangaike. Ukiona kinachotoka ni chepesi kinachuruzika, ujue oili ya difu (ile gia kubwa iliyo kwenye ekseli) imeshapita sili ya ndani, ile ndogo iliyokaa mwisho wa bomba la ekseli, imeingia kwenye nako na kuiyeyusha grisi yote. Na hapo hasara ni mara mbili maana difu linakauka huku sivi jointi inabaki bila grisi ya maana.

Nilipofungua kulia kikamwagika kitu cha kijivu cheusi, chepesi, kina ile harufu kali ya oili ya difu, na sivi jointi ndani imeoshwa inang'aa, hata alama ya grisi haina. Upande wa kushoto grisi bado nzito, imechafuka tu. Rangi yake pia iangalie. Ikiwa nyeupe nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na ukiona wekundu wa kutu ujue hayo maji yamekaa siku nyingi.

Ripea kiti yenyewe sasa. Kwenye boksi kuna sili za ndani mbili, sili za habu mbili, beringi za kingpini nne na vikombe vyake, seti mbili za felti na raba na pete zake za chuma, gasketi, na washa za kufungia nati za habu. Beringi za wili hamna, shimu (vile vibati vyembamba vya kurekebisha beringi ya kingpini ibane kiasi gani) hamna, grisi hamna, kwa hiyo hivyo vijumlishe kabisa kwenye bajeti usije ukakwama gari liko juu ya stendi. Hii ni ya pili kununua. Ya kwanza niliyoifunga zamani ilikuwa ya bei rahisi, haikumaliza hata mwaka mdomo wa sili umekauka mgumu, ukiukunja unapasuka. Hii ya sasa nilikaa nayo mezani kwanza nikaipitia kipande kwa kipande. Mdomo wa sili laini, unaukunja kwa kidole unarudi wenyewe, kile kispringi cha ndani kimekaa mzunguko mzima hakijaruka popote. Beringi zimechapwa Koyo, chapa ya beringi ya Kijapani, na namba inasomeka vizuri, ukiizungusha mkononi haina mkwaruzo. Gasketi nene za kutosha, hazikuchanika wakati wa kupanga. Kilichoniudhi ni felti. Upande mmoja imekatwa fupi, ncha zake mbili hazikutani, panabaki mwanya kama milimita tatu nne, na kwenye barabara ya vumbi huo mwanya ndo mlango. Nikalazimika kutafuta felti nyingine. Na karatasi ya maelekezo hamna kabisa, kwa mtu anayefanya mara ya kwanza hilo ni tatizo kubwa, kwa sababu kazi hii ina sehemu ambazo ukikosea unairudia yote.

Kwa mfano zile washa za koni kwenye stadi za mkono wa nako (ule unaosukumwa na usukani kuigeuza nako). Ukitoa nati utadhani mkono umeganda, watu wanaanza kupiga nyundo ya chuma mpaka wanaharibu meno ya stadi. Acha nati imeshika meno machache juu, piga pembeni kwa fimbo ya shaba, washa zitaruka zenyewe. Nati za habu kwenye gari nyingi za aina hii zinataka soketi ya 54, usizigonge na patasi tafadhali, nimeona habu ngapi zimeharibika hivyo. Vikombe vya beringi za kingpini vya zamani navyo vitoke vyote, usipachike beringi mpya kwenye kikombe cha zamani chenye vishimo. Shimu za juu na za chini ziandike mapema ipi ilitoka wapi. Ukishafunga, kabla hujarudisha shafti (chuma kirefu kinachotoka kwenye difu kwenda kwenye sivi jointi) na ile sili kubwa, chukua mizani ya ndoano, ishike kwenye tundu la mwisho wa mkono ambako tairodi (fimbo inayounganisha tairi mbili za mbele) inaingia, vuta uone nako inaanza kugeuka kwa kilo ngapi, alafu linganisha na kitabu cha gari lako. Ikiwa laini sana, mtetemo utarudi. Ikiwa ngumu sana, usukani haurudi wenyewe baada ya kona na beringi hazidumu. Mimi kulia nilitoa shimu moja nyembamba ndo ikabana ikakaa kwenye kipimo, na naamini kuitoa hiyo shimu moja kumefanya kazi kubwa kuliko kitu kingine chochote kwenye huo mtetemo.

Sili ya ndani ndo yenye maudhi. Igonge ikae sawa pande zote, paka grisi mdomoni, alafu shafti usiiachie ilalie sili wakati unaisukuma, ni nzito na meno yake ya mwisho yanaukata mdomo mara moja, ibebe kwa mkono mpaka iingie kwenye difu. Lakini hata kabla ya hapo pitisha ukucha kwenye shafti pale sili inapokaa. Yangu ya kulia ukucha ulinasa, kuna mfereji umechimbwa na sili za miaka yote. Hapo hata ufunge sili nzuri namna gani mdomo wake unakalia shimo. Nilichofanya ni kuiingiza sili milimita chache ndani zaidi ili mdomo uguse sehemu ambayo haijalika. Wengine wanavisha pete nyembamba ya chuma juu ya shafti, nayo ni njia nzuri.

Na sasa kitu ambacho hakuna ripea kiti itakutengenezea, na ndo sababu hasa nimekaa kuandika yote haya. Kipumulio cha difu. Kile kidude kidogo juu ya bomba la ekseli. Cha kwangu kilikuwa kimeziba kwa tope lililokauka likawa kama saruji, nilipokitoa nikajaribu kupuliza hakuna hewa hata kidogo. Ukitembea oili inapata moto, hewa ndani ya ekseli inatanuka, ikikosa pa kutokea inaisukuma oili kwenye sili iliyo dhaifu. Ukiingia mtoni gari likiwa la moto ekseli inapoa ghafla, inavuta, na maji yanaingia kwa njia ile ile. Yaani ile sili ya kwanza niliyoilaumu miaka yote sasa siwezi kusema ilikufa kwa ubovu wake peke yake. Fundi watatu walishalilalia hili gari chini, hakuna hata mmoja aliyekigusa hicho kidude, na inaniuma kwa sababu ni kazi ya dakika tano! Nimekitoa, nimevuta mpira mrefu mpaka juu kwenye injini ambako maji hayafiki.

Grisi nilitumia ya molibdeni kwenye sivi jointi na kwenye nako, kama robo tatu ya nafasi, usijaze mpaka juu. Tufe lenyewe nililisugua kwa msasa laini, kwa sababu kutu ikibaki inaila raba mpya ndani ya muda mfupi.

Kazi yote ilinichukua siku mbili, upande wa kwanza siku nzima, wa pili nusu siku. Nimeshatembea zaidi ya kilomita elfu sita, nyingi za vumbi na mawe. Mtetemo hamna, naachia usukani kidogo kwenye sitini hadi themanini gari linakwenda sawa. Ripea kiti naipa nne kwa tano, hiyo moja niliyokata ni ya felti na maelekezo. Baada ya kilomita elfu moja nilirudi kukaza nati za mkono wa nako, mbili zilikubali robo mzunguko, kwa hiyo usiruke hiyo hatua. Juzi nikapiga jeki tena, kushoto pakavu kabisa, kulia kuna unyevu mdogo unaoanza chini ya tufe, na oili ya difu imeshuka kidogo sana kwenye tundu la kupimia. Ni ile shafti yenye mfereji. Mpya nimeshaagiza, ikifika nitafungua upande huo tu, na hiyo sili nitaitoa niiangalie mdomo wake umekuwaje.