Kabla hujalipia kozi ya kuhariri video, nisikilize dakika chache

Mafundi wenzangu, habari za saa hizi. Karibuni tena kwenye chaneli.

Kila wiki napata ujumbe uleule: "Kaka, nataka kujifunza kuhariri video, nilipie kozi ipi?" Leo najibu kwa kirefu, kwa sababu mimi mwenyewe nilishawahi kulipia. Laki mbili na nusu, imetumwa kwa simu, kozi ya wiki sita. Wiki ya kwanza tukafundishwa kusakinisha programu ya wizi. Ya pili tukafundishwa vimulimuli vya kuunganisha picha, ile picha inajizungusha mpaka mtazamaji anapata kizunguzungu. Ya tatu kundi la WhatsApp likapoa, na mwalimu akapoa nalo. Jina lake halitusaidii kitu leo, tuendelee.

Ninachokagua ni DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, toleo la bure, pamoja na vitabu vyake vya mafunzo. Nasisitiza "pamoja na vitabu", maana wengi wenu programu mnayo tayari kwenye kompyuta, ila hamjawahi hata kujua kwamba kampuni inayoitengeneza, Blackmagic Design ya kule Melbourne, Australia, inatoa vitabu kamili vya PDF bila malipo. Kipo cha anayeanza, kipo cha mhariri, cha rangi, cha sauti, cha madoido. Kila kitabu kina mafaili yake ya mazoezi, yaani picha zenyewe, zimepangwa, unafuata hatua kwa hatua. Ukimaliza kuna mtihani mtandaoni, nao bure, ukifaulu unapata cheti. Mimi mara ya kwanza nilianguka. Sehemu ya sauti niliiruka nikidhani naijua.

Programu hii ilianzia kwenye rangi. Zamani da Vinci ulikuwa mtambo wa kurekebisha rangi za filamu, wa studio kubwa tu, siyo wa mtu kama mimi niliyeanzia stoo ya mama. Blackmagic wakainunua kampuni iliyoutengeneza mwaka 2009, wakaendelea kuirundikia vitu: sehemu ya kukata, kisha mwaka 2017 sauti, mwaka 2018 madoido ya Fusion, mwaka 2019 ukurasa unaoitwa Cut. Ndiyo maana ukiifungua mara ya kwanza unaona vyumba vingi kama gesti. Usiogope. Kwa kazi za sherehe utaishi kwenye vyumba vitatu tu.

Sasa ngoja niwaonyeshe tofauti ya kitabu na zile video za "ujanja 10 wa kuhariri". Tazameni hapa kwenye skrini. Hii ni sendofu. Klipu ya kwanza, gari limesimama nje ya ukumbi, mlango unafunguliwa. Klipu ya pili, bibi harusi anaingia ukumbini, akina mama wanapiga vigelegele. Zamani ningekata moja kwa moja: gari, tap, ukumbi. Au mbaya zaidi, ningeweka moto unaopita katikati. Kitabu kinakufundisha kuitanguliza sauti. Nashikilia Alt kwenye kibodi, nashika ukingo wa mwanzo wa sauti ya klipu ya pili, nauvuta nyuma kama sekunde moja na nusu. Sikilizeni... Mmeona? Bado tuko nje kwenye gari, mguu wa bibi harusi ndiyo kwanza unakanyaga chini, vigelegele vimeshaanza. Moyo wako unaingia ukumbini kabla ya macho. Hakuna madoido, hakuna kitu cha kununua, ni panya na kidole gumba. Kwenye ile kozi ya laki mbili na nusu hilo halikugusiwa hata siku moja.

Kingine nilichokitoa mle kitabuni ni ile inayoitwa Source Tape, iko ukurasa wa Cut. Ninyi wa harusi mnaelewa shida: kadi tatu, klipu mia tatu na ushee, unafungua moja moja mpaka alfajiri. Hapa unabonyeza kitufe kimoja na klipu zote za kwenye folda zinajipanga kuwa mkanda mmoja mrefu. Unabonyeza L, mkanda unakwenda. L tena, unakimbia. K unasimama, J unarudi nyuma. Ukiona tabasamu la baba mzazi unabonyeza I mwanzo, O mwisho, unalitupa kwenye taimulaini, yaani ule mstari wa chini unapopanga klipu, unaendelea. Kazi iliyokuwa inanila usiku mzima siku hizi naimaliza kabla ya chakula cha jioni, na mke wangu ni shahidi.

Haya, upande wa maumivu. Bure haimaanishi haina gharama. Faili la kusakinisha peke yake linazidi GB 2, na mafaili ya mazoezi ni GB kadhaa juu yake, kwa hiyo bando la siku usilijaribu. Mimi huwa nayashusha usiku, na kama una rafiki anayefanya kazi sehemu yenye waya mzuri wa intaneti, mpelekee flashi na soda. Vitabu vimeandikwa kwa lugha kadhaa za dunia ila Kiswahili hakimo. Kiingereza chake ni chepesi, kina picha kila ukurasa, lakini ukikwama umekwama.

Na RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Wanapendekeza GB 16. Kwa GB 8 inafunguka, inakusalimia vizuri, halafu ukiongeza safu ya tatu ya video feni inalia kama mashine ya kusaga. Mwenye kompyuta ya namna hiyo simlazimishi. Chukua Kdenlive, ya bure kabisa, ni nyepesi, nayo inajua kutengeneza proksi, yaani nakala ndogo za picha unazokatia, kisha mwishoni inarudi kwenye picha kubwa. Rangi zake hazifiki hapa, lakini kukata ni kukata.

Kuna jambo moja nataka tukae nalo, maana limenitoa jasho mbele ya watu. Wengi tunachanganya kamera na simu. Simu inakwambia inarekodi fremu 30 kwa sekunde, yaani picha moja moja zinazounda video, lakini ukweli inapanda na kushuka kufuatana na mwanga na joto lake. Nilichukua hotuba ya MC kwa simu, sauti nikachukua kwenye mixa ya DJ. Dakika ya kwanza safi. Dakika ya kumi mdomo wa MC umefunga, sauti inaendelea kutania wakwe. Familia imekaa sebuleni inatazama, mjomba mmoja akauliza, "Huyu anaongea kwa tumbo?" Kosa lilikuwa langu. Dawa yake ni HandBrake, programu ya bure: ingiza faili la simu, pale penye fremu chagua kasi isiyobadilika, likitoka ndiyo uliingize kwenye Resolve. Ubora unapungua kidogo sana. Ukitumia Shutter Encoder, nayo bure, unaweza kugeuza kuwa DNxHR, aina ya faili la video ambayo kompyuta inaikata kwa raha, ila andaa nafasi: saa moja ya picha za kawaida za HD inaweza kufika GB 50 na zaidi.

Na kabla hujaingiza hata klipu moja, bonyeza Shift na 9, panga fremu za mradi. Ukishaingiza picha, namba hiyo inajifunga. Kwa kamera mimi natumia 25, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na taa za ukumbini hazichezi ovyo.

Toleo la kulipia linaitwa Studio, dola 295, unalipa mara moja, kwa pesa yetu ni laki saba na kitu. Mnaniuliza kama lina lazima. La bure linatoa video mpaka 4K ya 3840 kwa 2160, fremu 60, na halikuandikii chochote katikati ya picha, isipokuwa ukigusa madoido ya Studio. Nilikaa na la bure miaka mitatu. Kilichonitoa pesa ni kumbi zetu: taa za zambarau, moshi, kamera imepandishwa ISO, yaani wepesi wake wa kunasa mwanga, mpaka picha ina punje kama uji wa ulezi. Kifaa cha kusafisha punje hizo kiko Studio tu. Kama kazi zako ni za mchana, kanisani, msikitini, bustanini, weka hiyo laki saba kwenye lenzi.

Ufunguo mmoja wa Studio unafanya kazi kwenye kompyuta mbili, hii ya mezani na laptopu ya safari. Naona kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, kumefika asilimia 94, ngoja nimpigie baba wa bibi harusi aje na flashi yake.