Mashine ya presha ya nyumbani kwa mzazi aliyetoka hospitali: tathmini baada ya wiki sita

Mashine hii tuliinunua kwa shilingi 92,000 katika duka la dawa hapa Dar es Salaam, siku mdogo wangu aliporuhusiwa kutoka hospitali kwa mara ya pili ndani ya siku kumi. Mara ya kwanza alitoka na mtoto mwenye afya, saa 24 baada ya kujifungua. Mara ya pili alitoka akiwa amenusurika kifafa cha mimba, yaani degedege linaloambatana na presha kupanda. Nyumbani tuliamini kwamba ugonjwa huo huisha mara kondo linapotoka, kumbe unaweza kumpata mzazi hata wiki kadhaa baada ya kujifungua, pamoja na yule ambaye presha yake haikuwahi kupanda wakati wa kliniki.

Siku ya tano alilalamika kwamba kichwa kinamgonga na macho yanaona nyota. Mama mkwe wake alimpikia uji, sisi wengine tukasema ni kukosa usingizi. Usiku, alipoanza kuumwa chini ya mbavu upande wa kulia, tulimkimbiza zahanati, ambako mkunga alimpima akakuta 174/116, na tukiwa njiani kwenda hospitali akapata degedege. Alidungwa sindano za magnesiamu salfeti, dawa inayotegemewa kuzuia degedege za aina hiyo, akapewa dawa za kushusha presha na kulazwa siku nne. Nimeyasimulia haya kwa sababu swali ninaloiuliza mashine hii ni moja tu: je, ingetuonya mapema?

Naamini ingetuonya. Presha ya mzazi mara nyingi hufikia kilele kati ya siku ya tatu na ya sita, wakati ameshatoka wodini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza apimwe kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya sita, lakini hudhurio lile la kwanza tuliliruka sisi wenyewe, kwa kuwa hatukutaka kumtoa nje na kichanga. Laiti tungekuwa na kipimo chumbani.

Sasa mashine yenyewe. Ni ya kufunga kwenye mkono wa juu, na ningemshauri mtu asinunue ile ya kifundo cha mkono hata kama ni nafuu, kwa sababu hiyo hukosea kwa urahisi mkono usipowekwa usawa wa moyo. Inajaza upepo yenyewe, tarakimu zake ni kubwa, na inahifadhi vipimo pamoja na tarehe, jambo ambalo daktari alilipenda. Kasoro iliyotusumbua ni mkanda. Uliokuja nao unafaa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32, ilhali wa mdogo wangu una 35, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha kubwa kuliko ilivyo. Siku mbili tulihangaika bure mpaka muuguzi alipotupimia mkono kwa futi ya fundi cherehani. Tukaongeza shilingi 28,000 kwa mkanda mpana, kisha tukailinganisha na mashine ya kliniki, zikakaribiana.

Maelezo ya matumizi hayana neno hata moja la Kiswahili, na alama za rangi pembeni mwa kioo zimewekwa kwa ajili ya watu wazima kwa jumla, si kwa mzazi. Kwa hiyo tulifuata maagizo ya daktari: asubuhi na jioni, baada ya kukaa dakika tano ameegemea, miguu ikiwa chini, bila kuzungumza, ikifika 140/90 tuwasiliane na kliniki, ikifika 160/110 twende hospitali bila kusubiri kukuche. Na kichwa kikiuma sana au macho yakififia, twende hata kama mashine inaonyesha namba nzuri.

Siku ya tisa tangu arudi nyumbani aliamka mchangamfu, akiimba, haumwi popote. Mashine ikasoma 156/104. Alitaka kwanza amalize kumwogesha mtoto. Nilimkatalia, na namshukuru kwa kunisikiliza. Kliniki walimwongezea dozi ya nifedipini, dawa ya kushusha presha, akarudi nyumbani mchana uleule, bila kulazwa mara ya tatu. Kwangu mimi asubuhi hiyo pekee ililipa gharama yote.

Presha yake imetulia tangu wiki iliyopita na dawa ameachishwa na daktari. Mashine ipo kwa jirani yetu aliyejifungua juzi, pamoja na mikanda yote miwili, futi, na karatasi niliyoibandika kwenye kifuniko cha boksi yenye zile namba mbili kwa maandishi makubwa.