CT skani ya tumbo Kisumu: nilicholipa na nilichopata

Jina la kituo silitaji, maana nina sifa za kukipa na malalamiko pia. Kiko katikati ya mji wa Kisumu, na kwa kazi ya picha yenyewe ningerudi kesho. Kwa habari ya bei, tutaelewana huko mbele.

Kilichonipeleka ni maumivu ya nyonga ya kulia yaliyoshuka hadi pajani. Kulala chali na mguu umenyooka sikuweza; nafuu niliipata nikiukunja. Jioni homa, usiku jasho la kulowesha shuka. Zahanati ya mtaani ilinipima malaria (huku kwetu homa yoyote huanzia hapo), haikuonekana, nikapewa vidonge vya maumivu. Dada yangu naye akaleta dawa ya kuchua, akachua kwelikweli, nikapiga ukelele hadi jirani akaja kuchungulia.

Daktari wa pili alinilaza ubavu, akauvuta mguu nyuma polepole, nikaruka. Hapo ndipo alipoanza kushuku jipu kwenye msuli unaoitwa psoas, ule unaoanzia kwenye uti wa mgongo, ukapita ndani ya nyonga na kushika juu ya paja. Jipu la ngozi unaliona likivimba na kuiva hadi lifanye mdomo. Hili la ndani linajaa usaha kimyakimya huku wewe ukitibiwa mgongo.

Nilianza na ultrasaundi, picha ya mawimbi ya sauti, ambayo ni nafuu na haina mionzi. Kwa ini na kibofu cha nyongo mara nyingi inatosha. Kwangu hewa ya utumbo ilifunika. Mpigaji akasema bila kuzunguka kwamba anaona giza fulani lakini mwisho wake haupati, akaandika nifanyiwe CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili vipande vipande) yenye dawa ya kontrasti, inayochomwa mshipani ili picha ionekane vizuri. Nampa heko. Mwingine angeandika "hakuna tatizo" akaita anayefuata.

Kwenye CT hawakukimbilia mashine. Walitaka kwanza kipimo cha damu cha kreatinini, kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, kwa kuwa dawa ya kontrasti hutolewa na figo. Wakauliza kuhusu pumu, mzio, na kama natumia metformin ya kisukari. Dada aliyenichoma sindano ya mkononi alinieleza mapema: "Utasikia joto, na utadhani umejikojolea. Hujajikojolea." Ningemchukia asingesema! Dawa ilipoingia, joto lilipanda kooni, likashuka kifuani hadi chini kabisa, mdomo ukajaa ladha ya chuma. Mashine ikatoa sauti: vuta pumzi, shikilia, pumua. Dakika chache tu, nikatolewa. Kazi ngumu ilikuwa kunyoosha mguu, nao wakaniwekea mto chini ya goti bila kuombwa.

Sasa bei. Kwa simu niliambiwa Sh9,500. Kaunta ikaongeza kontrasti, ikaongeza kipimo cha damu, nikajikuta karibu na Sh15,000, mgonjwa nimesimama kwa mguu mmoja na M-Pesa haitoshi. Dawa hiyo iliandikwa kwenye karatasi ya daktari niliyowasomea kwa simu, neno kwa neno. Huko ni kumvuta mtu mlangoni tu.

Ripoti ilitoka siku iliyofuata na iliandikwa vizuri: mkusanyiko wa majimaji ndani ya msuli, sentimita 7 kwa 4, ukingo wake uking'aa baada ya kontrasti, mifupa ya uti haijaguswa. Hayo ya mifupa daktari aliyasoma mara mbili, kwa sababu kifua kikuu cha uti wa mgongo hupenda kuteremsha usaha kwenye msuli huu. Nilitobolewa na kuwekewa mrija kwa kuongozwa na picha, bila kupasuliwa, na usaha ukapelekwa maabara kuotesha vijidudu na kupimwa TB. TB haikuwepo, ilikuwa stafilokokasi, bakteria wa majipu ya kawaida, nikabadilishiwa dawa kulingana na majibu.

Jambo moja kabla hujalipa. Picha wanakupa kwenye CD, na kompyuta ya daktari wangu haikuwa na pa kuiingiza. Filamu waliziprinti baadaye kwa malipo mengine. Ziombe palepale kaunta, na uulize kama zimo kwenye bei.