Miezi minane na mashine ya kupima sukari nyumbani

Kisukari changu hakikugunduliwa na mashine hii. Kiligunduliwa hospitalini, kwa damu ya mshipani niliyotolewa asubuhi kabla sijala: siku ya kwanza 9.4, na siku nyingine 8.8, ilhali kwa anayepimwa akiwa hajala kisukari huhesabiwa kuanzia milimoli 7.0 kwa lita. Mashine niliinunua baadaye katika duka la dawa mjini Mwanza, ili nisifunge safari kutoka Igoma kila ninapotaka kujua hali yangu.

Matumizi yake ni rahisi: tone la damu ya kidole, sekunde chache, jibu. Usiku wa kwanza ilinionyesha 142 nikaanza kuaga watoto, kumbe ilikuwa imepangwa kusoma kwa miligramu kwa desilita, si milimoli kwa lita kama hospitalini. Nilipogawanya kwa 18 nikapata karibu milimoli 7.9. Muuzaji hakuwa amenieleza.

Mzigo mkubwa ni stripu, vile vipande vyembamba vinavyochomekwa kwenye mashine kupokea tone la damu. Kopo la stripu 50 linakaribia bei ya mashine yenyewe, na likishafunguliwa, zangu zinapaswa kwisha ndani ya miezi mitatu. Hazitaki unyevu wala joto kali. Mimi nililiacha kopo dirishani, kwenye jua la mchana, mfuniko ukiwa haujabana, nikahangaika wiki nzima na majibu yasiyoeleweka. Siku moja pia nilipima nikiwa nimetoka kumenya embe, nikapata 15.1, mke wangu akanituma ninawe kwa sabuni na kujikausha vizuri, na kidole kilekile kikatoa 8.2.

Faida niliyoipata ni kuijua sahani yangu. Saa mbili baada ya matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na chai ya maziwa nilisoma 13.6, lakini baada ya sato wa kuchemsha, mboga nyingi na ugali kidogo nilisoma 9.1. Matobolwa sijayaacha, maana nimekua nayo, nayahesabu tu. Tofauti ndogo, kama 8.0 na 7.5, siishughulikii, kwa kuwa hata mashine nzuri huruhusiwa kukosea hadi asilimia 15, na kliniki bado hunipima wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu.

Ningeinunua tena, ila tarehe ya stripu ningeisoma palepale kaunta: kopo la kwanza niliuziwa likiwa limebakiza wiki tatu.