Nimezunguka na Mama kijiji cha Eyam kwa mwongozo wa sauti, uzoefu wangu

Mama alikuja toka Tanga mwezi wa nane, akakaa kwangu hapa Sheffield wiki tano, maduka yakamchosha mapema akaniambia mwanangu nipeleke nikaone watu wa shamba wa huku wanaishije. Nikamchagulia Eyam (wenyewe wanatamka Iim), kijiji cha Derbyshire ndani ya Peak District, basi moja tu toka mjini. Nikanunua mwongozo wa sauti kwenye simu, pauni tano, unatembea kituo kwa kituo unasimuliwa. Nayaandika haya kwa sababu sijaona mtu wetu ameuelezea, na wengi tunaoishi huku tukipata wageni tunaishia kuwapeleka London tu.

Kwa asiyejua, Eyam ndo kile kijiji cha tauni. Mwaka 1665 kulikuja mzigo wa nguo toka London kwenda kwa fundi wa kushona, nguo zilikuwa na unyevu, msaidizi wake George Viccars akazianika karibu na moto, na inasimuliwa viroboto walikuwa humo humo. Tarehe 7 Septemba Viccars akafa. Kifo cha mwisho ni Novemba 1666, hapo katikati wamekufa watu wanaotajwa kufika 260. Nyumba ile ya fundi bado ipo na za jirani zake pia, zina vibao vya majina ya waliokufa humo, na watu wanaishi mule mpaka leo, kuna mapazia, kuna maua mlangoni. Mama alisimama pale akanisomesha majina yote moja moja, familia nzima jina la ukoo lile lile linajirudia.

Sasa mwongozo wenyewe. Msimulizi ni mzee mwenye lafudhi ya huko huko, anaongea taratibu, sauti safi haina muziki wa kukupigia kelele. Mama kingereza hakimpandi kwahiyo tuligawana eafoni, moja sikio langu moja lake ili asikie tu ile sauti, kila baada ya dakika nasimamisha namueleza kwa kiswahili. Ningelipa mara mbili kama ungekuwa na kiswahili kabisa.

Kinachokera: ile ya kujiwasha yenyewe kwa GPS haifai pale kati ya kijiji, kanisa na zile nyumba za tauni vimekaribiana mno, unasikiliza habari za msalaba wa mawe uliopo uani kwa kanisa, wa tangu enzi za Wasaksoni (watu wa kale wa huku Uingereza), mara sauti inaruka inaanza habari ya fundi. Izimeni mbonyeze kwa mkono. Na pakueni kila kitu nyumbani maana juu mlimani mtandao wangu ulikata kabisa.

Kingine, wamempa mchungaji Mompesson nafasi kubwa sana na Thomas Stanley wamemgusia tu, mimi naona siyo haki. Stanley ndo alikuwa mchungaji kabla, akaondolewa 1662 kwa kukataa sheria mpya ya ibada, lakini wanakijiji bado walikuwa wanamsikiliza yeye. Mompesson alikuwa kijana mgeni kafika 1664. Bila wale wawili waliokuwa pande tofauti kukaa pamoja, nani angewashawishi watu wajifungie wenyewe kuanzia Juni 1666, asitoke mtu asiingie mtu? Mke wa Mompesson, Catherine, naye akafa Agosti ya mwaka huo huo, kaburi lake lipo hapo hapo uani.

Kituo cha jiwe la mpaka ni kizuri mno. Liko nje ya kijiji njia ya kuelekea Stoney Middleton, lina matundu sita, wanakijiji walikuwa wanaweka hela humo kwenye siki ili ugonjwa ufe, wa nje wanaacha chakula wanachukua hela, hawagusani. Mama aliingiza kidole kwenye kila tundu. Akaniambia, hawa walifanya bila polisi? Nikamwambia ndio Mama, walikubaliana. Akanyamaza muda mrefu.

Lakini kituo ambacho kwa hicho kimoja tu nawapa nyota nne ni Riley Graves. Unapanda njia kutoka kijijini, Mama magoti yalimsumbua tukapumzika mara tatu, unafika shambani kuna ukuta mdogo wa mawe umezunguka makaburi, mandhari ya bonde lote chini. Hapo Elizabeth Hancock alizika mume wake na watoto sita ndani ya siku nane, Agosti 1666, kawaburuta mwenyewe kawachimbia mwenyewe. Msimulizi anataja majina yao, anasema siku, alafu anakaa kimya kabisa, unabaki na upepo na kondoo. Nilidhani simu imezima. Kumbe wameacha makusudi, na aliyefikiria kufanya hivyo anajua kazi yake.

Nilipomaliza kumtafsiria Mama akasema Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, alafu akauliza, nani aliwaosha? Sikuwa na jibu na mwongozo hauna. Kwetu mtu akifa unajua ilivyo, kabla hujamaliza kulia majirani washafika, kuna wa maji, kuna wa sanda, kuna wa kaburi, mfiwa haachiwi jembe. Yule mama hakuna aliyemsogelea, na wasingeweza kumsogelea. Mama akakaa kwenye nyasi nje ya ukuta akamsomea dua, sikumharakisha, basi la saa kumi tuliliacha.

Vaeni viatu vya matope hata kiangazi, bebeni maji, chaji simu ijae. Makumbusho ya kijiji hatukuwahi.

Usiku nikamsikia Mama chumbani anamtumia mama mkubwa Tanga meseji ya sauti, anamsimulia Eyam yote toka nguo za London, anataja Elizabeth kama jirani yake wa mtaani, ilifika dakika kumi na mbili.