Chapa ya "Maple Sugar Time" ya Patrick DesJarlait: miezi mitano ukutani kwangu

Nakala hii ya mchoro niliinunua ili kuficha doa juu ya kochi, huo ndio ukweli. Duka la mtandaoni lilikuwa na michoro ya wasanii wa Minnesota, jimbo ninaloishi mwaka wa tisa sasa, nikachagua huu kwa sababu ulikuwa na moto na sufuria. Dola 46, inchi 16 kwa 20, bila fremu.

Mchoraji sikumjua, ingawa kazi yake nilikuwa nimeilia mkate. Yule msichana aliyekuwa kwenye pakiti ya siagi ya Land O'Lakes hadi 2020, DesJarlait ndiye aliyemchora upya miaka ya 1950, alipokuwa akifanya kazi ya matangazo. Nyuma yake akaweka ncha mbili za nchi kavu zinazokaribiana majini, na mtu wa Red Lake akiziona anajua ni ziwa la kwao. DesJarlait alikuwa Mojibwa, mmoja wa Wenyeji asilia wa Marekani, wa huko, kaskazini mwa jimbo, aliyezaliwa 1921 na kufariki 1972. Kazi za ofisini zilimlisha, lakini picha zake mwenyewe alizichota utotoni: kuvuna mpunga-mwitu, kuvuta nyavu, kupika sukari. Hii niliyonunua ni ya 1946, na yenyewe halisi iko jumba la makumbusho la Philbrook, mjini Tulsa, Oklahoma.

Siku niliyoitundika nilimpigia mama simu ya video. Akasogeza uso karibu na skrini. "Hao wanapika sukari nguru?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Sisi ni watu wa Kakamega. Nimekua kando ya kinu cha sukari nguru, nikitumwa kubeba makapi ya miwa ya kuchochea moto na kufokewa nikisogea karibu na karai. Maji ya muwa yanachemka, povu chafu linaenguliwa, na mtu mmoja hatakiwi kuacha kukoroga hata mbu wakimmaliza. Kwa Waojibwa ni utomvu wa mti wa mepo, hiyo "maple" ya kwenye jina la picha, unaotoka mwanzoni mwa majira ya kuchipua, usiku ukiganda na mchana ukipata joto. Jamaa nzima ilihamia msituni. Utomvu ni kama maji tu. Lita 40 hivi zinatoa lita moja ya sharubati nzito, na ukitaka sukari unaendelea kupika na kukoroga. Sukari hiyo ilihifadhiwa kwenye vyombo vya gome la mti na kutiwa hata kwenye nyama na samaki. Kwa hiyo mama hakukosea sana.

DesJarlait hakuwachora watu hawa kwa huruma. Ni wazito, mabega ya mviringo, mikono imejaa. Binti yangu aliuliza, "Baba, mbona mikono mikubwa hivyo?" Nikamwambia angeiona ya babu yake.

Sasa malalamiko. Chapa ya kwanza ilikuja kwenye karatasi ya kung'aa, na mchana dirisha lote lilionekana ndani ya picha. Mbaya zaidi, walikuwa wamekata kingo ili itoshee kipimo cha fremu za kawaida. DesJarlait alitumia rangi ya maji kwa viboko vidogo vidogo vya brashi vilivyobanana, kama mtu anayesuka. Kwenye ile chapa vilikuwa vimeyeyuka kuwa doa moja. Nilikuwa nimenunua doa la kufunika doa. Niliwaandikia barua pepe tatu, na mara mbili walinijibu kwamba rangi za skrini hutofautiana, jambo ambalo sikuwa nimeuliza. Mwishowe walikubali kuibadilisha, ila posta ya kurudisha nikalipa mimi.

Ya pili ndiyo iliyo ukutani. Karatasi nene isiyong'aa, picha nzima, na ukingo mweupe pande zote. Viboko unavihesabu ukitaka. Naipa nyota nne. Moja nimewanyima wauzaji.

Ukiagiza, sema mapema kwamba unataka picha yote bila kukatwa, na kama ukuta unaruhusu chukua kubwa kuliko yangu. Fremu tafuta kwingine, zao ni ghali mno. Mama ameshaniambia Desemba nimletee yake, pamoja na hiyo sukari yenyewe, aionje kama inaifikia ya kwetu.