Nyumba ya kupanga Uyole: tathmini ya mpangaji baada ya mvua na kipupwe

Tumeishi kwa miezi 14 katika nyumba hii ya vyumba viwili, sebule na jiko, iliyopo Uyole jijini Mbeya. Kodi ni shilingi 150,000 kwa mwezi, na hulipwa ya miezi sita kwa mkupuo. Maji ya bomba hayasumbui, uzio ni imara na daladala za Mwanjelwa zinapita karibu. Kwa hayo sina malalamiko. Tathmini hii inahusu kuta.

Tulipokuja kuiona ilikuwa Septemba, wakati wa kiangazi, na chumba cha watoto kilikuwa kimepakwa rangi ambayo harufu yake ilikuwa haijaisha. Dalali aliisifu sana. Hakutueleza kwa nini rangi hiyo mpya iliishia kwenye kimo cha kiuno, wala sisi hatukuuliza. Mvua zilianza Novemba, na kufikia Februari rangi ile ilikuwa imevimba kama malengelenge. Ukiigusa inapukutika, na chini yake lipu imetoa unga mweupe wa chumvi. Nyuma ya kabati kulikuwa na madoa meusi ya ukungu, na viatu vya binti yangu vilivyokuwa vimehifadhiwa humo vilikuwa vimeota manyoya ya kijani kwenye visigino. Mdogo wake ana pumu, na ukungu unaweza kuichochea, kwa hiyo hatukuweza kulichukulia kuwa jambo la urembo wa nyumba.

Nilimpigia simu mwenye nyumba, mama wa makamo ambaye kwa kweli ni mtu wa heshima. Baada ya shikamoo na marahaba alinijibu, "Mwanangu, hiyo ni baridi ya Uyole tu, fungueni madirisha." Sikumbishia, kwa sababu sebuleni nako kulikuwa na madoa karibu na dari, na huko tulikuwa tukianika nguo ndani siku za mvua. Nilichofanya ni kubandika kipande cha nailoni kwenye kila ukuta, nikaziba kingo zote kwa gundi ya utepe na kuviacha kwa siku mbili. Kile cha sebuleni kilitoa matone upande wa nje, ule unaotazama chumba, maana yake unyevu ulitoka kwenye hewa tuliyoijaza sisi wenyewe kwa kupika na kuanika. Kile cha chumbani kwa watoto kililowa upande wa ndani, ule uliogusana na ukuta: maji yalikuwa yanatoka ndani ya ukuta wenyewe, na hakuna dirisha linaloweza kuyazuia.

Hapo ndipo wajibu unapogawanyika. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinachukulia kuwa kila anayepangisha nyumba ya kuishi ameahidi kwamba inafaa kukaliwa na binadamu siku mpangaji anapoingia, na kwamba itaendelea kufaa muda wote wa upangaji, hata kama mkataba wa ukurasa mmoja tulioandikiana kwa dalali haukutaja neno hilo. Mpangaji naye anabaki na wajibu wa kuitunza nyumba. Madoa ya sebuleni tuliyasugua wenyewe, tukahamishia kamba ya nguo barazani na kulisogeza kabati shubiri moja kutoka ukutani.

Kwa upande wa mwenye nyumba, hatua ya kwanza ilinisikitisha: Machi alimtuma fundi akapaka rangi juu ya ukuta uliolowa, na Aprili ikabanduka yote. Nikamwandikia barua ya adabu yenye tarehe na picha, nikabaki na nakala. Juni akaja na fundi mwingine, mzee asiye na maneno mengi, ambaye aliizunguka nyumba mara moja tu na kuonyesha kwa koleo udongo wa bustani uliorundikwa nje ya ukuta ule hadi kupita usawa wa sakafu. Aliuondoa, akachimba mfereji, akafunga gata kwenye paa, akabomoa lipu iliyooza na kupiga mpya yenye dawa ya kuzuia maji. Aliuacha ukuta ukauke wiki kadhaa kabla ya kuupaka rangi. Gharama zote alilipa mwenye nyumba bila kinyongo, ingawa kodi ya miezi ambayo watoto walilala sebuleni hakupunguza hata senti.

Tulipohuisha mkataba niliomba uongezwe mstari unaosema kuwa paa, kuta na mifereji ni jukumu lake, na matengenezo yaanze ndani ya siku 14 tangu apewe taarifa ya maandishi. Aliusoma mara mbili, akasaini.

Naipa nyumba hii nyota tatu kati ya tano. Mvua za mwaka huu zimeanza, na jana nimebandika nailoni upya chumbani kwa watoto. Nyota ya nne naishikilia hadi Februari.